Shairi Lililopigiwa Vigelegele

Anaitwa Nihal binti Yaqoub bin Nasri bin Uweso bin Turki, mzaliwa wa Moa, na kila jina hapo lina kazi iliyofanya. Turki alitoka Maskati akajenga nyumba ya mawe ambayo ukuta wake mmoja bado umesimama. Mbuzi hujikuna hapo. Uweso alibebeshwa masanduku ya risasi katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, akatembea nayo mpaka ng'ambo ya Ruvuma, akarudi kwa miguu yake wakati nyumbani washamsomea hitima. Nasri alipanda mikoko. Yaqoub alitunga mashairi, na jina lake la utunzi lilijulikana redioni kutoka Tanga mpaka Lindi. Nihal yeye alikwenda Uturuki akatuletea maneno ya watu wa huko, na maneno hayo ndiyo yaliyomlaza kitandani.

Mimi ni Saleha binti Nasri. Yaqoub ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo Nihal ni mwanangu, wala siongezi "wa kaka". Nimesoma mpaka darasa la nne, la nne la wakati wa Mwingereza, ambalo si hili lenu. Ninayoyaandika niliyaona, na yale nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Nianze na mikoko, maana bila hiyo hakuna habari ya Nihal.

Kaskazini ya Moa, karibu na mpaka, pana hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, tunaloliita Mlango wa Mwanakombo. Babu Uweso alikuwa akinihadithia kwamba vita vilipokuja upande wa Yasini, wa kwanza kufa hawakuwa watu. Ilikufa minazi, kisha mikoko. Wazungu waliamrisha mikoko yote ya Mlango wa Mwanakombo ikatwe ili waone mashua za adui zikiingia, na magogo yakafunika mahandaki yao. Watu waliokata ni hawa hawa wa kwetu, kwa kiboko. Vita vilipokwisha, bahari ikaanza kuingia mashambani. Visima vikawa vya chumvi. Watu wakahama.

Baba yangu Nasri alikuta pale matope matupu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akichukua zile mbegu ndefu za mkoko zinazochipua zikiwa bado juu ya mti, anazitoa kwenye mahori mengine, anakwenda kuzichomeka moja moja wakati maji yametoka. Watu walimcheka wakamwita Bwana Matope. Mimi nilikuwa mdogo, nikibeba kikapu. Mpaka anakufa, mikoko ile ilikuwa imefunga kiasi kwamba ukiingia huoni jua, na visima vya nyuma vikarudi kuwa vitamu. Kaa, chaza, kambamiti, vyote vikarudi. Na nje ya mikoko, penye maji safi, wanawake wa siku hizi wakaja kupanda mwani.

Basi, Nihal. Alikuwa mtoto wa vitabu. Mwaka ile meli ilipozama Ziwa Viktoria alipata nafasi ya kusoma Uturuki, ati akasomee uchumi. Huko wakamwambia Nihal ni jina lao pia, akakaribishwa kama mtoto wa nyumbani. Alikaa miaka mingi kuliko masomo yenyewe. Aliporudi, uchumi sikuuona. Alirudi na mashairi. Akapata kazi Dar es Salaam ya kutafsiri zile tamthilia za Kituruki mnazozitazama baada ya isha. Aliolewa na mtu wa Kigombe, ndoa haikukaa. Yaqoub alipofariki, Nihal akafunga mizigo akarudi kukaa na mimi, akisema amechoka kutafsiri vilio vya matajiri.

Mchana alikuwa akikaa na wanawake wa kikundi cha mwani barazani kwangu. Kazi ile ina sehemu ya kukaa: unakata vishada vya mwani vya mbegu, unavifunga kimoja kimoja kwenye kamba ndefu, halafu maji yakitoka unakwenda kuzifunga kamba kwenye vigingi. Mikono inafanya kazi, masikio hayana kazi. Nihal akawa anawasomea mashairi ya Waturuki wa zama hizi, ameyatia Kiswahili mwenyewe. Kulikuwa na la mto uliotiwa ndani ya bomba la umeme kama maiti inavyotiwa kwenye jeneza. Kulikuwa na la mlima ambao askari waliuchoma msitu wake ili wapiganaji wasipate pa kujificha, na nyuki wakawa wanarudi kila jioni kutafuta mzinga ulioungua. Na la mchungaji ambaye malisho yake yamezikwa mabomu, akawa anamtanguliza mbuzi mzee aliyempenda kuliko wote.

La mlima nililisikia nikaacha kuchambua mchele. Nikamweleza Nihal habari ya Uweso na mikoko iliyokatwa. Akaniuliza mara mbili mbili, akasema, "Shangazi, ndiyo hiyo hiyo." Kisha akanifahamisha jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Sisi tukiimba mti, tunausifu: kivuli chake, matunda yake, au tunaufananisha na mpenzi. Wale wakiimba mti, wanashitaki. Wanauliza nani alikata, nani alikula, na kwa nini anayelipa ni yule asiyekula.

Mwamvua, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi cha mwani na ndiye mwenye sauti kuliko wote pwani hii, hakuacha kumchokoza. Akasema, "Da Nihal, hawa Waturuki wako ni wa wapi? Wa kwenye tivii wanakaa majumba ya ufukweni wanatiliana sumu. Wa kwako wanalilia miti."

Nihal akamjibu, "Wa kwenye tivii walinipa mshahara. Hawa wamenipa usingizi mbaya."

Wanawake wakacheka, kamba zikaendelea. Lakini lilikuwapo moja ambalo halikuchekwa. Lilitungwa na mwanamke wa huko, kijijini kwao mizeituni iling'olewa kupisha mgodi. Nihal alilisoma hivi:

*Walikuja asubuhi, hawakubisha hodi.*
*Mzeituni hauna mlango.*
*Bibi aliukumbatia*
*kama anamuaga mtoto anayekwenda vitani.*
*Askari akamwambia: Ondoka, bibi.*
*Akasema: Niende wapi? Nimeota hapa.*

Mwamvua aliinama akafunga kishada kile kile mara ya pili.

Haukupita muda kampuni ikaja. Jina lake silitaji, halinihusu. Ilitaka kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti Mlango wa Mwanakombo, na kwa hilo mikoko iondoke. Walisema bahari ni pana na mikoko ipo kwingine. Walisema zitakuwapo ajira. Lakini kabla ya kibali, wananchi lazima wakutanishwe waseme kama wanakubali au hawakubali, na maneno yao yaandikwe. Kampuni ilimwajiri mtaalamu wa kuyaandika, kijana anaitwa Noa, mpole, mwenye kompyuta na viatu visivyofaa matope.

Siku kadhaa kabla ya mkutano wazee wakakaa kwa mwenyekiti wetu, Mzee Rahimu. Wote hawakutaka. Sikumsikia hata mmoja anayetaka, na hili naliandika lijulikane. Kilichobaki ni namna ya kulisema. Sasa hapa asiye wa kwetu atashangaa. Kwetu neno zito halisemwi kavu mbele ya mgeni. Ukisimama ukamwambia mtu "hatutaki" usoni, umekuwa muuza samaki. Neno zito linatungiwa shairi, anapewa mwenye sauti, linaghaniwa, na mgeni muungwana atajua ameambiwa nini. Ndivyo walivyofanya akina Yaqoub kwa maliwali na kwa mabwana shamba, na walisikilizwa. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba binti Yaqoub atatunga na Mwamvua ataghani.

Nihal akawasomea lile la mzeituni. Alisema hilo latosha, atabadilisha mti tu.

Mzee Rahimu alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi. "Binti Yaqoub, hii ni hotuba iliyovunjika vipande. Vina havipo, mizani haipo, litaghaniwa vipi? Baba yako akifufuka akalisikia, atakufa tena."

"Mzee Rahimu, yule bibi mti wake unakatwa. Pumzi ya vina ataipata wapi?"

"Ataipata. Sisi tumezika watoto kwa vina."

Wazee wakaguna kwamba ni kweli. Nihal alirudi nyumbani amenuna, akaniambia atakataa. Lakini asubuhi nilimkuta anahesabu mizani kwa vidole, kama Yaqoub. Akasema, "Shangazi, nikiwasomea vile nitakavyo mimi, wetu wenyewe hawatasikiliza. Wetu wasiposikiliza, wale watasikia nini?" Akalitia vina. Beti saba, na kila ubeti umetimia. Wa kwanza ulikuwa huu:

*Wamekuja mikokoni, hodi hawakuibisha,*
*Mashoka yao begani, mti hawakubakisha,*
*Bibi kashika shinani, machozi ayadondosha:*
*Niambie nende wapi, hapa ndipo nimeota.*

Siku ya mkutano hema lilisimamishwa uwanjani, viti vya plastiki, soda za baridi. Wakuu wa kampuni walikaa mbele na Noa pembeni na kompyuta yake, na msichana mmoja wa kampuni akipiga picha za video. Walieleza mradi wao kwa ustaarabu. Kisha Mzee Rahimu akasimama, akasema jawabu la kijiji atalitoa Mwamvua.

Mwamvua alisimama amejitanda kanga mbili. Alichukua sauti ambayo bibi yake alikuwa akiitumia kwenye tenzi za maulidi, ile inayoanzia chini kama mtu anayeongea peke yake. Mimi nimesikia waghani wengi, wa Tanga, wa Pangani, wa Mombasa. Sijasikia kama siku ile. Ubeti wa kwanza watu walinyamaza. Wa pili, yale machozi ya bibi yalipogeuzwa kuwa machozi ya Bwana Matope kaburini, mzee mmoja akasema "Allah" kwa sauti. Wa tatu, bibi mmoja nyuma yangu akapiga kigelegele.

Na hapo ndipo palipoharibika. Maana shairi zuri kwetu lina haki yake. Huwezi kulisikia ukakaa kimya, hata kama ni la msiba. Ukikaa kimya umemtukana mghani na umemtukana mtungaji. Kigelegele kimoja kikaleta kumi. Wanawake wakainuka kumtuza Mwamvua, huyu anamfunga kanga mpya, huyu anambandika noti kwenye paji la uso. Mzee Rahimu mwenyewe alikwenda mbele na fimbo yake, machozi yanamtoka, akamtuza. Wakuu wa kampuni wakatazamana, wakaona adabu ya mahali ndiyo hiyo, nao wakainuka kutuza. Watu wakafurahi kwamba wageni wana adabu. Wakaomba lirudiwe. Mwamvua akalirudia lote, mkuu wa kampuni anapiga makofi kwa kufuata mahadhi.

Nihal alikuwa amekaa kando yangu. Alinishika mkono akaniminya mpaka pete ikaniumiza. Alikuwa anaona. Mimi sikuwa bado nimeona. Nilikuwa nalia kwa raha.

Adhana ya alasiri ikatoka. Noa akauliza kwa upole kama kuna la kuongeza. Mzee Rahimu alikuwa ameandaliwa neno moja la kumalizia: kwamba kwa hiyo kijiji hakikubali. Akasimama, akatazama watu, akasema, "Tumekwisha sema." Akaenda kuswali.

Jioni Nihal alimfuata kibarazani kwake. Hakupandisha sauti, ila shikamoo yake ilikuwa fupi. Akamuuliza kwa nini hakulisema lile neno.

"Baada ya maneno yale? Niseme nini tena, mwanangu? Ningeharibu."

Kilichoandikwa mnaweza kukikisia. Kwamba wananchi waliupokea mradi kwa furaha, kwa shairi la asili, vigelegele na zawadi. Kwamba hakuna aliyepinga. Na ile video ikaenea kwenye simu mpaka Maramba, watu wakatupigia kutupa hongera.

Nihal alikwenda Tanga kumtafuta Noa ofisini kwake. Nilikwenda naye, kwa hiyo hili nililiona. Noa alituamkia vizuri, akatupa viti, akamsikiliza Nihal akimfafanulia ubeti mmoja mmoja. Kisha akafungua video akamgeuzia kompyuta. Pale alikuwapo Mzee Rahimu anatuza, na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wazi.

"Mama, tazama mwenyewe," Noa alisema. "Watu hawa wanakataa kitu?"

"Sikiliza maneno."

"Maneno ni ya shairi, mama. Mimi niliulizia maoni."

Nihal akamwambia kwamba kwetu ndiyo maoni yenyewe. Noa akasema anaelewa, lakini taarifa imeshapelekwa, na kama wananchi wana jambo jipya waandike barua. Tuliandika. Tuliandika tena. Mzee Rahimu alipiga muhuri wa kijiji kwenye kila moja. Majibu yalikuwa yale yale: mkutano ulifanyika, upo ushahidi wa picha.

Mashine zilikuja baada ya Idi. Sikuwa najua kwamba mkoko unapong'olewa na mashine unatoa sauti. Kwa shoka hautoi. Kazi ya baba yangu ya umri mzima ilikwisha kabla mwezi haujaandama tena. Magogo hayakufunika hata handaki, yaliachwa yaoze. Matope yaliyochimbwa yakatoka na maji mpaka kwenye mashamba ya mwani, yakavifunika vile vishada, vikalainika, vikakatika. Kikundi cha Mwamvua kikavunjika. Wawili watatu waliajiriwa kumenya kambamiti. Kisima cha nyuma ya msikiti, juzi nimeonja maji yake. Sitasema.

Mzee Rahimu ameacha uenyekiti. Huwa anakuja kukaa hapa kwangu, haongei. Safari moja tu alisema, "Saleha, babako alipanda mbele ya macho yangu." Nikamwambia najua. Sikumwambia zaidi, maana angetaka nimlaumu ili apumue.

Na Nihal ameanguka. Hospitali wanasema ni presha na figo, sibishani nao. Hatafsiri tena. Kwanza alidhani kosa ni lake, kwa kutia vina. Baadaye akawa hasemi kosa ni la nani. Nilijaribu kumtia moyo, nikamwambia huko Uturuki angalau yale mashairi yaliokoa miti. Alinitazama kwa huruma. Akasema, "Shangazi, nani alikwambia yaliokoa? Mizeituni ilikwenda, na mto umo bombani mpaka leo."

Lililomchoma zaidi ni kwamba shairi limependwa. Limekuwa la harusini. Bibi harusi anaingizwa ukumbini, watu wanaimba "niambie nende wapi, hapa ndipo nimeota", wanamaanisha kwa mumewe. Shule zimelifundisha watoto. Nihal husikia vipaza sauti vikitoka mtaa wa pili, hugeukia ukutani.

Juma lililopita Mwamvua alikuja. Alivua viatu, akaniamkia, akaingia chumbani akakaa chini kando ya kitanda, ingawa kiti kipo. Akazungusha maneno mara mbili kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Kampuni inafungua mabwawa rasmi. Kutakuwa na wageni wakubwa na watu wa televisheni, na wamemtuma mtu kumwomba Mwamvua aghani lile shairi. Yeye ana watoto wanne na mwani hakuna. Akasema, "Da Nihal, nimekuja unikataze. Ukinikataza siendi."

Nihal akageuka kutoka ukutani.

"Nenda," akasema.

Mwamvua akanitazama mimi. Mimi pia nilikuwa sijaelewa.

"Nenda, uvae vizuri. Watakupa kipaza sauti. Ukishakishika, usighani. Usianze hata ubeti mmoja. Sema kavu, kama muuza samaki. Sema: hapa palikuwa na mikoko, aliipanda Nasri bin Uweso. Mmeikata. Sisi tulikataa, na leo tunakataa."

"Watakizima."

"Sema bila kipaza sauti."

"Watu wetu wataona haya. Wataniona sina adabu."

"Wataona haya, ndiyo."

Mwamvua alikuwa anakunja ncha ya kanga na kuikunjua. Akauliza pole pole, "Na itasaidia nini sasa, da Nihal? Miti imekwisha."

"Haitasaidia kitu," Nihal akamwambia. "Kaseme hivyo hivyo."